Wizara ya Kauli na Maji ya Kiwambo

Haya yalitokea mbali, katika nchi ambayo mimi sijafika na wewe hujafika, kwa hiyo tusikilizane kwa raha, bila kutazamana usoni. Ilikuwa nchi nzuri, yenye bendera ya rangi saba na wizara thelathini na nane. Wizara kubwa kuliko zote haikuwa ya ulinzi wala ya fedha. Ilikuwa Wizara ya Kauli. Sheria ya nchi ile, kifungu cha kwanza kabisa, ilisema kwamba jambo lolote likitamkwa na serikali na kugongwa muhuri ni kweli kuanzia dakika ya muhuri, na asiyeliona akapimwe macho.

Sheria hiyo ilileta maendeleo ya kasi. Malaria ilitokomezwa Jumanne moja, kati ya saa nne na saa nne unusu. Shule zote zilipata madawati kwa sentensi moja. Barabara ya kaskazini ilitiwa lami kwa aya mbili, na madereva walioendelea kukwama matopeni walipelekwa kliniki ya macho. Kliniki yenyewe ilikuwa imejengwa kwa kauli ya mwaka uliotangulia, hivyo waliketi kiwanjani juani wakingoja zamu.

Mwandishi wa nyingi kati ya kauli hizo aliitwa Hilali Mgaza. Alikuwa na miaka hamsini na moja, mwembamba, mpole, mwenye mikono safi. Cheo chake kilikuwa Mkurugenzi wa Maneno Laini. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu lingeturahisishia sana kazi kama angekuwa mbaya.

Alikulia Kiwambo, kijiji kikavu cha mawe na miiba, na tangu utotoni ndiye aliyewasomea watu barua zao. Barua yenye habari nzito aliisoma polepole, akiipunguza makali, mpaka mwenye barua akalia kidogo badala ya kulia sana. Watu walimpenda kwa hilo. Serikali ikapata habari zake, nayo ikampenda kwa hilo hilo.

Ofisini alifanya makubwa. Njaa aliiita "mwanya kati ya milo". Daraja lilipoanguka mtoni, aliandika kwamba limeshuka kukagua misingi yake. Wafanyakazi waliofukuzwa walikuwa wamerudishiwa muda wao. Waziri wake, Mheshimiwa Baltazari Ngonyolo, mtu wa kifua kipana na sauti ya kutikisa vioo, alipenda kumwonyesha kwa wageni. "Huyu hapa," alisema, akimpiga begani, "ndiye anayenifanya nilale usingizi." Hilali aliinama kidogo. Moyoni alifurahi.

*

Maji yalifika Kiwambo siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi. Kauli aliiandika Hilali mwenyewe, kwa mapenzi ya pekee, maana ni kwao. "Wananchi wa Kiwambo sasa wanapata maji safi, ya kutosha na yenye adabu." Waziri aliposoma "yenye adabu" alicheka mpaka akafuta machozi. Muhuri ukagongwa.

Wiki iliyofuata lori la wizara lilikwenda Kiwambo kung'oa pampu ya mkono, ambayo ndiyo iliyokuwa pekee kijiji kizima. Kijiji chenye maji kubaki na pampu, walieleza maofisa, ni dalili ya kutoamini.

Dada yake, Stumai, alimpigia simu siku hiyo hiyo. Huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alikaanga maandazi kila alfajiri kwa miaka kumi na moja ili Hilali amalize masomo, na mpaka leo mkono wake wa kulia ulikuwa na makovu ya mafuta.

"Hilali, wameng'oa pampu."

"Ndiyo dada, hiyo ni hatua ya mpito kuelekea..."

"Hilali. Unaongea na mimi."

Akasema, "Nitafuatilia, dada."

Hakufuatilia. Maneno hayo alikuwa ameyaandikia serikali mara mamia, yakawa yanamtoka yenyewe kama chafya.

Basi wanawake wa Kiwambo wakaanza kwenda machimboni. Kulikuwa na shimo la kokoto lililoachwa na kampuni fulani, mwendo wa saa nzima kwa miguu, na chini kabisa ya shimo hilo maji ya mvua yalikuwa yametuama, ya kijani. Njia ya kushukia ilikuwa udongo mtupu uliochimbwa kwa visigino.

Stumai alikuwa na mtoto mmoja tu, Rukia, msichana wa miaka ishirini na mbili, mcheshi, aliyekuwa akimpigia mjomba wake simu kila Jumapili ili amsomee kauli zake za wiki kwa sauti ya kuigiza redio. "Mjomba, hii ya daraja umetisha!" alisema, akicheka. Katika simu yao ya mwisho Rukia alimuuliza, "Hivi Mjomba, maji yenye adabu ndiyo yapi? Maana haya ya shimoni hata salamu hayana." Hilali alicheka naye. Alicheka kwa muda mrefu kidogo kuliko Rukia.

*

Jumatatu moja faili lilifika mezani kwake. Ripoti ya polisi ilikuwa fupi, ya mistari minne. Ukingo wa machimbo umeporomoka. Amekufa mmoja. Jinsi, umri, kijiji.

Kijiji ni Kiwambo.

Tatizo lilikuwa la kisheria. Mtu hawezi kufa akichota maji shimoni katika kijiji ambacho maji yamekwishafika. Ama maji hayapo, jambo ambalo lilikuwa kosa la jinai, ama mtu yule hakuwa akichota.

Kidole cha Hilali kilisimama kwenye jina la kijiji. Simu ilikuwa kushoto kwake, karibu kuliko kikombe cha chai. Angeweza kuinyanyua. Akajiambia kwamba Kiwambo ni kubwa, ina kaya mia nne. Akajiambia kwamba akipiga simu ataanza kuwa na wasiwasi, na mwenye wasiwasi haandiki vizuri. Akavuta karatasi. Dakika tisa baadaye alikuwa na hii:

"Serikali imepokea kwa utulivu habari za mwananchi mmoja wa Kiwambo ambaye, akiwa katika matembezi ya kujiburudisha, alitangulia kwa sababu za kimazingira. Hali ya maji ni nzuri."

Msaidizi wake, Bi Leokadia, mwanamke kijana aliyekuwa amefunzwa naye kwa miaka sita, aliisoma akiwa amesimama. "Imepokea kwa utulivu," alirudia, akitikisa kichwa. "Mkurugenzi, mimi sijui unayatoa wapi."

Hilali akatabasamu. Muhuri ukagongwa, redio ikasoma.

Saa nane mchana simu ililia. Alikuwa Stumai, na hakusalimia.

"Rukia amekufa."

Hilali alisimama. Hakujua kwa nini amesimama.

"Nilikuwa nimekaa naye hapa chini, hawajamfunika bado," dada alisema, "na redio ya jirani inaimba. Wamesema alikuwa anatembea kujiburudisha. Hilali, nani kaandika hivyo?"

Katika maisha yake yote hakuwahi kuulizwa swali rahisi kama lile. Jibu lake lilikuwa neno moja, tena fupi.

"Sijui, dada," alisema. "Nitafuatilia."

*

Waziri Ngonyolo alipopata habari alimwita haraka.

"Bahati iliyoje!" alisema. "Yaani, pole sana. Pole sana, Mkurugenzi. Lakini tazama: wewe ni mfiwa, na papo hapo wewe ni serikali. Utaisoma taarifa msibani wewe mwenyewe. Mfiwa akisema alikuwa matembezini, nani mwingine atabisha?"

Hilali alitaka kukataa. Alifungua mdomo, akasikia ukisema, "Nimelipokea, Mheshimiwa."

Walikwenda na magari sita. Kwa kuwa kijiji kilikuwa na maji, maofisa wa itifaki hawakuruhusiwa kuonekana wakishusha maji ya kunywa, hivyo katoni za chupa zilifunikwa kitambaa cheupe na kuandikwa NYARAKA. Waziri alipopata kiu aliomba apewe nyaraka mbili za baridi.

Uani kwa Stumai watu walikuwa wamejaa kimya. Hilali aliambiwa na jirani, kwa upole tu, kwamba maji ya kumwosha marehemu yalipatikana. Wanawake wanne walishuka tena shimoni asubuhi ile, mahali pale pale, wakishikana khanga, wakaleta ndoo tatu.

Baada ya maziko Waziri alihutubia. "Marehemu alipenda kutembea!" alinguruma, ingawa spika zilikuwa kubwa za kutosha. "Na taifa linalotembea ni taifa linalokwenda! Nasema uongo, ndugu zangu? Leo vijana wengi wanakaa tu. Yeye hakukaa! Tumuenzi kwa kutembea!" Maofisa wakapiga makofi. Wakagundua wanapiga peke yao, wakageuza makofi kuwa kufukuza nzi.

Kisha akaitwa Hilali.

Alisimama mbele ya watu waliomjua tangu akiwa na kaptura, akafungua karatasi. Sauti yake ilikuwa nzuri, haikutetemeka, na baadaye hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Serikali imepokea kwa utulivu habari za mwananchi mmoja..."

"Ana jina."

Aliyesema ni Stumai, kutoka kwenye mkeka, katikati ya wanawake. Hakupaza sauti.

Hilali aliinua macho, na macho yake hayakwenda kwa dada, yalikwenda kwa Waziri. Waziri alimtikisia kichwa, kidogo tu, kama mtu anayemhimiza dereva. Hilali akatafuta mahali alipoachia.

"...wa Kiwambo ambaye, akiwa katika matembezi..."

Hakuna aliyemzomea, ingawa angeshukuru sana kama wangemzomea. Watu waliinamisha vichwa, wote, kama wafanyavyo watu wenye heshima zao nguo ya mtu inapomvuka hadharani. Alisoma mpaka mwisho akizitazama kofia na mitandio.

Baadaye jirani mmoja mzee alimletea bakuli la kunawa. "Karibu chakula, mwanetu," alisema, akimmiminia maji vidoleni kwa uangalifu, kidogo kidogo. Yalikuwa ya kijani.

Hilali hakula. Alimfuata dada yake nyuma ya nyumba, alikokuwa ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Dada," alisema. "Pole."

Stumai alimtazama. Hakumtazama machoni, alimtazama mdomoni.

"Hilo nalo ni la ofisini?"

Akatafuta lingine. Aliyajua maneno mengi kuliko mtu yeyote katika nchi ile, na yote yalikuja, yakapanga foleni, safi, yamevaa tai. Hakuna hata moja alilothubutu kulitoa.

*

Jumatano alirudi kazini, akafunga mlango, akachukua karatasi. Safari hii hakutumia dakika tisa. Alitumia asubuhi nzima, na mara tatu akajikuta ameandika "changamoto", akafuta. Saa sita na nusu alimaliza:

"Maji hayajafika Kiwambo. Hayakuwahi kufika. Pampu iliyokuwepo tuliing'oa. Rukia Shomvi, miaka ishirini na mbili, amekufa akichota maji ya kunywa kwenye shimo la kokoto. Aliyeandika kwamba maji yamefika ni mimi. Aliyeandika kwamba alikuwa akitembea ni mimi, mjomba wake."

Ilikuwa kauli mbaya sana kwa viwango vya wizara. Haikuwa na ulaini wowote, maneno yake yaligongana kama mawe kwenye gunia. Hilali akagonga muhuri, akaipeleka redio kwa mkono wake.

Msomaji wa taarifa ya saa saba alikuwa amezoea kusoma bila kusikiliza. Aliisoma yote kwa sauti ile ile ya sherehe, na alipofika "mjomba wake" ndipo masikio yake yalipomfikia. Kukawa na kimya hewani. Kisha ukapigwa muziki wa gwaride.

Nchi nzima ilikuwa imesikia. Wauza sokoni walisimama na mizani mikononi. Fundi mmoja wa viatu, inasemekana, aliketi na msumari mdomoni mpaka jioni. Saa nane simu za wizara zilianza kulia. Wilaya ya Mto Chumvi ilisema, na sisi hatuna. Shule moja ikasema, madawati yale hatujayaona. Kwenye kliniki ya macho wale madereva walisimama wote kwa pamoja, wakajipangusa vumbi, wakaenda zao.

Waziri aliitisha kikao. Jasho lilikuwa limempenya mpaka kwenye koti.

"Tuikanushe," alisema mmoja.

"Haiwezekani," alisema mwanasheria wa wizara. "Ina muhuri. Yenye muhuri ni kweli. Tukikanusha moja, watadai tukanushe zote."

"Basi tumfunge!"

"Tutamfunga kwa kosa gani, Mheshimiwa? Kwa kusema lililo kweli kisheria?"

Mwishowe mwanasheria akakohoa. "Sheria inasema kauli ni kweli ikiwa mwandishi ni mtumishi aliye hai."

Saa kumi na moja redio ilitangaza kwa masikitiko makubwa kifo cha Bwana Hilali Mgaza, kilichotokea jana yake.

Marehemu aliisikia habari hiyo akiwa kwenye korido, na faili mkononi. Watu aliofanya nao kazi miaka ishirini walimpita bila kumwona, wakijibana ukutani ili wasimguse. Getini, mlinzi aliyekuwa akimsalimia kila asubuhi alitazama juu, mahali penye tundu la popo. "Poleni sana kwa msiba," mlinzi aliliambia tundu lile, na mkono wake ukafungua geti taratibu.

*

Hakuwa na pa kwenda ila Kiwambo. Stumai hakumkaribisha, wala hakumfukuza. Alimwekea mkeka chumba cha uani. Hawakuzungumza, isipokuwa la lazima.

Alfajiri moja lilifika lori lisilo na namba. Mafundi wawili walirudisha pampu mahali pake, wakaijaribu, wakaondoka. Hakukuwa na kauli. Kutangaza kwamba pampu imerudi kungekuwa kukiri kwamba iliondoka, kwa hiyo wanakijiji waliombwa wasiitaje, wakichota watazame pembeni. Hivyo ndivyo maji yalivyofika Kiwambo: bila mtu kusema.

Hilali alikimbia kumwambia dada yake. Alimkuta akichambua choroko.

"Dada! Pampu imerudi."

"Nimeiona," alisema Stumai. "Rukia hajarudi."

Akaendelea kuchambua.

Siku ya arobaini lilikuja gari la wizara. Alishuka Bi Leokadia, ambaye sasa ndiye alikuwa Mkurugenzi wa Maneno Laini, amevaa gauni jeusi, na bahasha mkononi. Serikali ilikuwa imemtuma kuwasilisha rambirambi kwa familia ya marehemu Hilali, na ndugu wa karibu alitakiwa kusaini kwamba amezipokea.

Marehemu alikuwa ameketi barazani, hatua mbili kutoka hapo, anamenya mihogo.

Leokadia alimsalimia Stumai kwa adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Leokadia hakugeuza shingo kuelekea barazani. Alifungua karatasi akasoma kwa sauti isiyotetemeka. "Taifa limepoteza ghafla mtumishi aliyejaliwa ulimi mwanana, ambaye ghafla amehitimisha zamu yake ya maneno na kuhamia katika utulivu wa kudumu..."

Ilikuwa kazi nzuri. Hilali alikuwa amemfunza vizuri. Leokadia akamaliza, akamtolea Stumai kalamu. Stumai akaitazama karatasi kwa muda, kisha akasaini. Gari likaondoka.

Vumbi lilipotua, dada alikaa kwenye ngazi ya baraza.

"Alipokuwa anasoma," alisema, "nilikuona. Midomo yako ilikuwa inacheza. Ulikuwa unafanya nini?"

Jibu zuri lilikuja mara moja, lenye heshima: nilikuwa namwombea Rukia dua. Lilikuwa limefika tayari kwenye meno. Hilali akalimeza, na lilishuka kwa shida.

"Nilikuwa namsahihisha. Ameweka 'ghafla' mara mbili katika sentensi moja."

"Katika kifo chako."

"Ndiyo, dada."

Stumai alitazama makovu ya mkono wake. Mbali kidogo pampu ilikuwa ikilia, na wanawake wakicheka jambo fulani.

"Na ile ya mwanangu? Nayo uliisahihisha?"

Kisu kilikuwa kimesimama kwenye muhogo.

"Mara moja," alisema.

"Wapi?"

"Mwanzo niliandika 'msichana aliyekuwa na ndoo'. Nikaona inasikika vibaya."

Stumai aliinuka, akachukua sinia ya mihogo aliyokwisha kuimenya, akaingia nayo ndani. Hilali alibaki barazani na kisu mkononi, akingoja aitwe. Hakuitwa, na ilipofika adhuhuri bado alikuwa amekaa pale pale.